Msichana Aliyeosha Mchele

Asubuhi ile hakuna aliyezungumzia bei ya vitunguu saumu. Kwenye kibanda cha Giok-tho, pale watu wa Tua-po wanapokunywa uji wao wa mchele na maandazi marefu ya kukaanga, habari ilikuwa moja tu, sinema ya jana hekaluni. Na watu wa pale ukiona uji unapoa mbele yao, jua jambo limewashika kweli.

"Mimi nilikuwa natazama saa," alisema Ban-sing, yule aliyeendesha lori miaka thelathini mpaka mgongo ukamwambia basi. "Dakika tano, jamani. Dakika tano nzima mtu anaosha mchele. Kwangu hayo naona bure, tena na mke wangu ananisema huku anaosha."

Watu wakacheka.

"Yule si mtu," Giok-tho alisema, kijiko kirefu mkononi. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Ni Ndugu Mwema."

Mwezi wa saba wafu hawatajwi kwa jina lao lingine. Mlango wa kuzimu uko wazi, wanatembea, wanasikia, na nani anapenda kuitwa vibaya akiwa mgeni.

"Sasa Ndugu Mwema gani huyo?" Ban-sing alisema. "Hatishi, halii, nywele kachana. Mjukuu wangu nimemfunika macho toka mwanzo. Mtoto ananiambia, babu toa mkono, hakuna kitu. Nikatoa. Kweli hakuna kitu. Anaingia jikoni, anaosha mchele, wenyewe wanakuja wanakula, mama anasema leo wali una maji. Kwisha. Mwisho uko wapi?"

"Mwisho ni ule alipokaa pembeni akawatazama wanavyokula."

"Huo mwisho? Huo ni upungufu wa hela. Hela za sinema ziliwaishia, wakazima taa."

"Mimi nililia," alisema Giok-tho.

"Ulilia moshi wa ubani."

"Basi moshi ulinijua, Ban-sing, maana ulinipata pale pale anapofuta mikono."

Maneno yakawa hayo. Meza ya karibu na barabara wanasema ni upuuzi, meza ya ndani wanasema hawajapata kuona kitu kizuri vile. Na wapo waliokuwa na neno zito zaidi. Kila mwaka, mwezi huo, hekalu humkodi fundi A-Thiam atundike shuka lake na kuonyesha sinema jioni tatu, kuwaburudisha Ndugu Wema. Mstari wa mbele wa viti ni wao, haukaliwi na mtu. Na siku zote huletewa panga na mateke, au vichekesho. Sasa kuwaonyesha wageni hao habari yao wenyewe? Ni kama umwalike mtu karamu halafu umsimulie msiba wake. Ikitokea mtu kaanguka kwenye pikipiki mwezi huu, nani atajibu?

"Tumuulize Baba Mkubwa Hiong," mmoja alisema. "Yeye ni kamati ya hekalu, na alikaa mstari wa pili, nyuma yao kabisa. Baba Mkubwa, wewe ulionaje?"

Mzee Bun-hiong alikuwa anatafuna taratibu. Umri wake sabini na nne, mtu wa maneno machache, na maneno machache hupewa thamani hata yakiwa ya uongo. Alimaliza kutafuna. Kila mtu akangoja.

"Mimi nililala," alisema.

Kibanda kizima kilicheka. Ban-sing akapiga meza kwa kiganja, akasema mzee kamaliza, hiyo ndiyo hukumu, sinema ya kulaza wazee. Bun-hiong naye akatabasamu kidogo. Ndipo alipogeuka akamwona mkewe Kim-chu amesimama nyuma yake na chombo cha maziwa ya soya. Kim-chu alikuwa amekaa naye bega kwa bega jana. Alimtazama tu, akalipa, akaondoka na goti lake linalochechemea.

*

Bun-hiong alichelewa makusudi kurudi. Alipoingia alimkuta mkewe jikoni anaosha mchele, na jambo hilo lilimkaa vibaya, ingawa mwanamke yule alikuwa anaosha mchele kila siku tangu waoane.

"Ulilala, eti?" Kim-chu alisema bila kugeuka.

"Nilifumba macho."

"Wewe ukilala unakoroma mpaka mbwa anahama. Jana ulikuwa unajipepea, pep, pep, pep. Alipoingia yule msichana mkono ukasimama. Haukwenda tena mpaka mwisho."

"Mkono ulichoka."

"Na machozi?"

"Moshi."

Kim-chu alimwaga maji ya mchele, yale meupe. Akajaza mengine. "Mzee wangu," alisema, "mimi sitaki kubishana sinema nzuri, sinema mbaya. Mimi si wa kamati. Nasema hivi, mwanangu arudi nyumbani."

Bun-hiong akakaa kwenye kigoda.

Walikuwa na binti, Siok-hun. Alikufa na miaka kumi na tisa, huko mji wa bandari alikokuwa akifanya kazi kiwanda cha redio. Hajaolewa. Na msichana asiyeolewa hana mahali kwenye madhabahu ya baba yake. Hapo pana mababu na wake zao, na watoto wa kiume. Msichana huwekwa kwa mume, na huyu hakupata mume. Ndiyo maana kibao cha jina lake kilipelekwa hekalu la wasichana huko huko mjini, kikapangwa rafuni na mabinti wa watu wengine. Miaka thelathini na moja sasa. Kim-chu huenda kila mwaka na matunda. Bun-hiong hajaenda hata siku moja.

"Desturi..." alianza.

"Desturi ilikula mshahara wake," Kim-chu alisema. "Kila mwisho wa mwezi hela ilikuja humu ndani, na desturi haikusema hapana, hii ni ya msichana asiyeolewa."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, mzee angepata pa kushika, angesema unanipigia kelele. Lakini alisema taratibu, anaosha mchele, na Bun-hiong akabaki anatazama mgongo wake.

*

Siku ya pili A-Thiam alikuja na mapeasi manne kwenye mfuko, kuomba radhi. Ni mtu mzima wa miaka hamsini, lakini alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Baba Mkubwa, nitasema kweli. Sikuitazama kabla. Nilisoma sanduku la filamu tu. Limeandikwa, familia moja, jioni moja, chungu kimoja cha wali. Nikasema aa, hii wazee wataipenda, haina matusi."

"Sanduku halikuandika kwamba yule amekufa?"

"Halikuandika. Hata mimi nilijua katikati, nimesimama pale kwenye mashine. Nikasema nizime? Nikizima, watu watauliza kwa nini. Nikiacha, wale wa mbele wataniuliza wenyewe." Akafuta jasho. "Lakini Baba Mkubwa, nilipokuwa nafungasha, walinijia bibi watatu, mmoja mmoja, wanawaficha wenzao. Wote neno moja. Utairudia lini?"

Kamati ilikaa mchana huo hekaluni, wazee watano na chai. Ban-sing, naye ni kamati, alitaka A-Thiam afukuzwe, jioni mbili zilizobaki liletwe gari la mataa la wacheza ngoma. Wengine wakasema maskini, ana mke mgonjwa. Ikashindikana, wakaamua kumuuliza mungu wa hekalu mwenyewe. Si wanavyo vile vibao viwili vya mti, vya umbo la nusu mwezi, upande bapa na upande wa mgongo? Unavirusha chini. Kimoja kikilala bapa na kingine mgongo, mungu kasema ndiyo. Vyote vikionyesha mgongo, hapana. Vyote vikionyesha bapa, mungu anacheka.

"Je, wageni wamekasirika?" Ban-sing aliuliza, akarusha.

Mungu akacheka. Akarusha tena, akacheka. Mara ya tatu, akacheka.

"Anacheka kwa dharau," alisema Ban-sing.

"Anacheka kwa kuwa amefurahi," alisema mwingine.

Mungu mwenyewe akawa mtazamaji kama wao, na hata yeye hawakukubaliana alionaje. Mwisho A-Thiam aliachwa amalizie, kwa sharti alete mateke. Watu hawakuwa wengi jioni hizo. Viti vya nyuma vilibaki vitupu kama vya mbele.

*

Jumapili ilikuwa siku ya mtoto wao, Chi-peng, kuja kula na mkewe. Chi-peng ana duka la vipuri vya pikipiki mji wa wilaya, mtu wa heshima zake. Kim-chu alipika bata kwa tangawizi. Akapanga mabakuli. Mkewe Chi-peng akahesabu kwa macho, akahesabu tena.

"Mama, tuko wanne. Hili la tano ni la nani?"

"La wifi yako."

Vijiti vilisimama. Mkwe alimtazama mumewe. Chi-peng akaweka bakuli chini.

"Mama, haya mambo tuliongea kwenye simu. Mimi sina ubaya na dada. Lakini huwezi kumleta msichana kwenye madhabahu ya mababu. Watu watasema nini? Kizazi kinaharibika, biashara inaharibika. Hata mkwe wako hapa anaogopa, na sisi bado tunatafuta mtoto."

"Kweli mama," mkwe alisema polepole, anatazama meza. "Naogopa."

"Usiogope," Kim-chu alisema. "Hajui kutisha. Alikuwa anaogopa hata jogoo."

"Yote haya sababu ya sinema," Chi-peng alisema. "Nimesikia hata haikuwa nzuri. Baba mwenyewe alilala, Ban-sing kaniambia."

Kim-chu akapakua wali kwenye lile bakuli la tano, akaupapasa kwa kijiko ukakaa vizuri. "Chi-peng," alisema, "ulipokwenda shule ya ufundi ulikuwa na viatu gani?"

"Mama."

"Nakuuliza. Viatu gani?"

Chi-peng akapanga vijiti vyake. Mkewe akamtazama tena, safari hii kwa namna nyingine, kama mtu anayesikia habari ambayo hakuwahi kuambiwa.

"Vya ngozi, vyeusi, vya kamba," Kim-chu alisema. "Mlikuwa wawili tu kijiji kizima wenye viatu vile. Na yeye alikuja Mwaka Mpya na ndala, kwenye baridi, anasema mama nimezoea. Sasa litazame bakuli lake kwa macho yako, halafu uniambie habari ya watu watasema nini."

Walikula bata. Hakuna aliyeligusa lile bakuli. Bun-hiong alikuwa ameinamia lake, na kila mtu alikuwa anamngoja aseme, maana yeye ndiye baba. Baada ya chakula alikwenda uani akakaa na vitunguu vyake vilivyoning'inizwa, akawa anachambua vilivyooza, na vilivyokuwa vizima pia akavitupa.

Walipoondoka wageni, Kim-chu alimfuata.

"Mwezi huu wa Ndugu Wema haendi mtu huko," alisema. "Lakini ukiingia wa nane, utakwenda kumuuliza kama anataka. Akisema hapana, mimi nitanyamaza mpaka nife."

"Twende wote."

"Mimi nimekwenda mara thelathini na moja. Goti langu limekwisha kwa ngazi zile. Nenda wewe."

*

Hekalu la wasichana halikuwa kubwa. Lilikuwa katikati ya gereji na duka la chai ya barafu. Ndani, vibao vidogo vya majina vimepangwa rafu hadi rafu, na mbele yake watu wameacha vitana, poda, vibanio vya nywele. Bun-hiong alikuwa ameleta machungwa tu. Alijiona mjinga.

Mtunzaji alikuwa bibi mfupi mwenye aproni. "Wa nani?"

"Kho Siok-hun."

"Aa. Yule mama wa goti. Na wewe ni nani wake?"

Bun-hiong alihamishia machungwa mkono mwingine. "Baba."

Bibi yule alipangusa mikono kwenye aproni. Alimwonyesha rafu, akampa ubani na vibao vya kurusha, akarudi kufagia. Lakini hakwenda mbali.

Mzee alipiga magoti. Akasema jina lake, anwani yake, kama inavyotakiwa. Akasema, "Siok-hun, mama yako anataka urudi nyumbani. Kama unakubali, sema ndiyo." Akarusha.

Mgongo na mgongo. Hapana.

Akarusha tena. Hapana. Mara ya tatu kimoja kilizunguka, kilizunguka sana, halafu kikalala kama mwenzake. Hapana.

Bun-hiong alikaa juu ya visigino vyake. Alisikia kitu kifuani ambacho nusu kilikuwa aibu na nusu, Mungu amsamehe, kilikuwa nafuu. Amekataa mwenyewe. Atarudi amwambie Kim-chu, mambo yaishe.

"Mzee," bibi alisema nyuma yake, ufagio mkononi. "Usinichukie. Lakini unamuuliza au unamwamuru?"

"Nimemuuliza."

"Umemwambia mama yake anataka. Wote wanaokuja hapa wanasema hivyo. Mama anataka, bibi anataka. Wasichana hawa wana masikio, wanajua mama anataka. Mama huja kila mwaka." Akafagia kidogo. "Wewe je?"

Gari lilikuwa linapimwa injini pale gereji. Bun-hiong alingoja likae kimya. Halikukaa, ndipo akasema hivyo hivyo, juu ya kelele, na ikabidi apaze sauti, mbele ya mtu asiyemjua.

"Siok-hun. Ni mimi. Ulipiga simu dukani, ukasema baba nina homa, nataka kurudi. Nikakuambia maliza mwezi kwanza, usikose ile nyongeza." Akaviokota vibao. "Nilisikia unavyopumua. Nilisikia. Nikasema maliza mwezi."

Injini ikazimika katikati ya maneno yake, na sauti yake ikabaki peke yake humo ndani.

"Nimewaambia watu nililala kwenye ile sinema. Sikulala. Nilimwona yule msichana, nikasema huyu ndiye. Ndiyo maana sikuja kwako, siyo desturi. Niliogopa uso wako. Sasa nakuuliza mimi. Kama hutaki, una haki. Kama unataka, nitakubeba mwenyewe."

Akarusha. Bapa na mgongo.

Bibi aliacha kufagia.

Ya pili, bapa na mgongo. Ya tatu kibao kimoja kikamponyoka, kikagonga mguu wa meza, kikarudi kilipotaka chenyewe. Bapa na mgongo.

"Tatu," alisema bibi. "Ngoja nikutafutie kitambaa chekundu. Mwavuli unao?"

Hakuwa nao. Bibi akamwazima wa kwake, mweusi, wenye ubavu mmoja uliovunjika.

*

Aliyekufa hajui njia za sasa. Lazima umfunike kwa mwavuli jua lisimchome, na lazima umwambie njia kwa sauti, kila daraja, kila kona, la sivyo hubaki nyuma. Bun-hiong, ambaye mkewe alizoea kumwuliza jambo mara tatu apate neno moja, alitoka pale na kibao cha jina kifuani, kimefungwa kitambaa chekundu, anaongea.

"Tunashuka ngazi. Tunakunja kushoto. Hii ni gereji."

Kwenye basi alikata tiketi mbili. Kituo cha tatu akapanda kijana na mizigo, akatazama kiti.

"Babu, hapa pana mtu?"

"Pana binti yangu."

Kijana alitazama kiti kitupu, akatazama mwavuli uliofunguliwa ndani ya basi na kitambaa chekundu. Watu waligeuka. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Masikio ya Bun-hiong yalikuwa ya moto. Zamani angeshuka. Sasa alisema kwa sauti, "Siok-hun, tunavuka daraja. Mto ni ule ule. Maji yamepungua," na kijana akasogea akasimama mbele huko, njia nzima.

Alishuka barabara kuu ya Tua-po saa nane mchana, jua kali, hakuna wingu, mzee wa kamati chini ya mwavuli uliovunjika. "Tunakunja kulia. Hapa palikuwa shamba la miwa, sasa ni ghala. Hapa ulianguka na baiskeli. Hili ni shimo la barabara, walichimba wakaacha, ruka." Kwenye kibanda cha Giok-tho walikuwa wamekaa wale wale.

"Baba Mkubwa," Ban-sing aliita, "mwavuli wa nini na jua hili? Unaongea na nani?"

Bun-hiong alisimama. Mbele yao wote.

"Na Siok-hun. Namrudisha kwetu."

Hakuna aliyecheka. Giok-tho aliziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Ban-sing akavua kofia yake, akawa hajui aiweke wapi. Nyuma yao mtu mmoja alisema chini chini kwamba hili litaleta balaa, na mwingine akamwambia nyamaza wewe. Bun-hiong aliwasikia wote wawili. Akaendelea.

Mbele ya nyumba lilikuwa gari la Chi-peng, maana mama alikuwa amempigia simu. Mwanawe alikuwa ukumbini, mikono ya shati kapandisha, anafuta vumbi meza ndogo aliyoisogeza kando ya madhabahu. Si juu ya madhabahu, kando yake. Alipomwona baba yake alisimama wima, tambara mkononi. Kim-chu alikuwa amekaa kitini kwa ajili ya goti lake. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa chekundu.

Aliyetoka mlangoni kumpokea ni mkwe, yule aliyesema anaogopa. Bado alikuwa anaogopa, ungeona mikono yake alivyoikunjia kwenye aproni. Lakini alikuja mpaka ukingo wa mwavuli, akainamisha kichwa.

"Baba," alisema, "nataka nimpikie. Wifi anapenda kula nini?"

Bun-hiong alifungua mdomo. Alikumbuka mshahara wa Siok-hun, mwezi kwa mwezi. Alikumbuka jina la kiwanda, na namba ya bweni. Alitafuta sana, amesimama pale jua linampiga mgongoni, na hakupata. Kim-chu alikuwa anajua. Alimtazama mumewe, akanyamaza.

Mzee aligeuza kichwa upande mtupu chini ya mwavuli.

"Siok-hun," alisema, "unaulizwa unapenda kula nini."

Akasimama pale pale, akangoja.